Mshumaa wa Saa Sita Mchana

Nianze na aibu yenyewe, mcheke mmalize, ndipo tuendelee vizuri. Mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, fundi pikipiki ninayeheshimika hapa Misima (heshima ya kiasi, lakini ipo), nimewahi kufumwa na mama mkwe wangu mchana kweupe, katikati ya hoteli, Korogwe mjini, nimenyoosha mkono wenye kipande cha paja la kuku kuelekea mdomoni mwa mke wangu, mdomo wangu mwenyewe umejaa wali, na mezani kwetu unawaka mshumaa. Saa sita mchana. Umeme upo.

Najua wapo kati yenu watakaosema, kwani kumlisha mkeo ni kosa? Si kosa. Ila ninyi hamumjui mkwe wangu. Huyu mama ni Mzigua wa zamani, na katika miaka kumi na tisa ya ndoa yangu hajawahi kuniona nikitafuna kitu. Hata karanga. Akija kwetu mimi chakula changu naletewa nyuma ya nyumba kama mlinzi, nikienda kwake Kwamndolwa, pembeni ya Korogwe, nawekewa chumba peke yangu na mlango unaegeshwa, tukikutana njiani mmoja anatazama mashamba na mwingine anatazama ardhi, tunasalimiana hivyo, tunapita. Jina lake sitalitaja humu, na si kwamba nawaficha, ni kwamba sijawahi kulitaja tangu nioe na leo siwezi kuanzia hapa.

Yote haya yalianzia siku ya Idi. Nyumba ilijaa wageni, sisi wanaume tumekaa barazani tumezunguka sinia, pilau inatoa moshi, na mke wangu Mwanaidi anaingia na kutoka, mara maji ya kunawa, mara kachumbari, mara fulani ameomba pilipili, mara mtoto wa fulani kamwaga juisi. Tulipomaliza nikazunguka nyuma kutafuta kijiti cha kuchokoa meno (tumbo limejaa, roho imetulia, sina habari), nikamsikia jikoni anaongea na binti yetu Rehema aliyekuwa amekuja likizo kutoka chuoni Tanga.

"Mwanangu, mimi pilau yangu naijua ikiwa imepoa," alisema. "Ya moto huwa naisikia watu wakiisifia tu."

Alisema huku anacheka, halalamiki, kama mtu anayesema mwaka huu mvua zimechelewa. Rehema yeye hakucheka. Akajibu, "Ndiyo maana mimi sitaki kuolewa, mama."

Jamani, nilisimama pale na kijiti changu mdomoni nikaona haya peke yangu. Nikaanza kurudisha kumbukumbu, nikamtafuta Mwanaidi katika kumbukumbu zangu akiwa amekaa anakula mwanzo mpaka mwisho bila kuinuka, nikamkosa. Nilimwona anapakua, nilimwona anatenga, nilimwona anakwangua ukoko kwenye sufuria amechuchumaa. Anakula kwa utulivu, simwoni. Nikajiapiza kwamba kabla mwaka haujaisha mke wangu atakula chakula cha moto amekaa kitako, na Rehema atasikia habari hiyo hukohuko chuoni, pengine moyo wake utageuka.

Nyumbani nikajua haitawezekana, maana Mwanaidi akiwa nyumbani hata ukimfunga kamba kwenye kiti atainuka na kiti. Nikampigia Rehema, nikajifanya nauliza kwa niaba ya rafiki yangu, eti watu wakienda mjini na wake zao huwa wanakula wapi. Akacheka, akanitumia kwenye simu ukurasa mrefu wa sehemu za wapendanao kula wanapotembelea jiji. Nikausoma gereji mchana mzima. Sehemu zenyewe zilikuwa za mbali, nyingine juu ya maghorofa, nyingine mpaka uweke nafasi siku tatu kabla, lakini masharti niliyaelewa: meza ya watu wawili, iwe pembeni, pawe na mandhari, pawe na mshumaa, simu zizimwe, na mkikolea mlishane. Nikajiambia, hayo yote Korogwe yapo. Korogwe nayo ni mji.

Na sehemu nilikuwa nayo tayari. Kila nikienda Korogwe kufuata spea huwa napita hoteli moja jirani na stendi, asubuhi saa tatu hivi, ipo kimya, ina vitambaa vya meza, na dirishani unaiona milima ya Usambara imejipanga. (Fundi mzima, mtu wa barabarani, sikujiuliza hoteli kubwa vile jirani na barabara kuu inapikia nani vyakula vyote vile. Shikeni hilo, tutalirudia.)

Asubuhi ya siku yenyewe Mwanaidi alivaa gauni lake la harusi za watu, mimi shati jeupe na suruali nyeusi, mfukoni nimeweka mshumaa niliouchukua kabatini. Tukasimama barabarani kusubiri gari. Hapo ndipo akatokea Mzee Sefu, jirani yetu, na jembe lake begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona mmependeza hivyo, kuna nini huko?"

Ndugu zangu, jibu lilikuwa jepesi. Ningesema tunakwenda mjini kutembea, basi. Lakini nikamwona Mzee Sefu akilini anafika kijiweni na kutangaza kwamba fundi anampeleka mkewe kula hotelini, nikawasikia watu wakiuliza kwani kwake jiko limebomoka, au siku hizi yule mwanamke hajui kupika, na hilo la pili lingemwangukia Mwanaidi, si mimi. Nikafungua mdomo, nikasema, "Nampeleka mama Rehema hospitali, Korogwe. Tumbo linamsumbua."

"Maskini! Tumbo la namna gani?"

"La... la ndani," nikasema.

Mzee Sefu akatikisa kichwa kwa huruma, akamtazama Mwanaidi, na Mwanaidi kwa kunistahi akashika tumbo. Tulipokaa kwenye gari akaninong'oneza, "Baba Rehema, usiniombee maradhi. Neno la mtu linasafiri." Nikamwambia asijali, nani atafuatilia.

Sasa, Mzee Sefu ana mkamwana aliyezaliwa Kwamndolwa, mtaa mmoja na mama mkwe wangu. Nadhani mnaanza kuona. Kabla hatujafika nusu ya safari habari ilikuwa imeshapigwa simu kutoka Misima mpaka Kwamndolwa, na njiani ikaongezeka, maana tumbo likawa tumbo la kupelekwa mbiombio, na mgonjwa akawa hawezi kusimama. Mkwe wangu akampigia binti yake. Simu ya binti yake ipo nyumbani mezani, imezimwa, kwa sababu mumewe amesoma kwamba wapendanao huzima simu. Akanipigia mimi (kitu ambacho kwa miaka kumi na tisa alikuwa hajafanya, alikuwa akimpa mtu aniambie). Yangu nayo imezimwa. Fikirini mama yule, binti mmoja tu amebaki duniani, simu mbili hazipokelewi.

Sisi wakati huo tunaagiza kuku wa kienyeji na wali. Nilichagua meza ya pembeni kabisa, karibu na mlango wa jikoni, milima inaonekana. Mama mwenye hoteli, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alinitazama nilipotoa mshumaa na kuuchomeka kwenye chupa ya soda.

"Baba, umeme upo," akaniambia.

"Najua."

"Kuna maombi?"

"Hapana. Ni... tumekuja kula tu."

Akaondoka anageukageuka nyuma. Feni ilikuwa inauzima mshumaa, nikauwasha mara tatu, mara ya tatu nikaukinga na menyu. Mwanaidi amekaa upande upande, kitako nusu, kama mtu aliyekuja kudai mahari ya mdogo wake. Jagi la maji ya kunawa lilipoletwa akainuka kwa mazoea aninawishe. Nikamwambia, "Kaa." Akakaa. Chumvi ilikuwa meza ya pili, akainuka. "Kaa, Mwanaidi." Nikaifuata mimi. Akacheka, akafunika mdomo na mtandio, na nawaambieni ukweli, niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona siku nyingi, nilimwona msichana yule niliyemwoa, yupo, alikuwa hajaenda popote.

Chakula kikaja, cha moto, moshi unapanda. Akamega tonge la kwanza, likamuunguza vidole, akalipuliza. Akala. Akafumba macho kidogo.

"Kumbe," alisema.

Hilo tu. Moyo wangu ukajaa, na wali ukajaa mdomoni kwa pupa ya furaha, na nikakumbuka sharti la mwisho la ule ukurasa, nikamega nyama ya paja, nikanyoosha mkono. Mwanaidi akasogeza uso kwa aibu ya kike. Halafu macho yake yakapita bega langu, yakaganda.

Nikageuka. Mlangoni amesimama mkwe wangu. Mkono mmoja ameshika chupa ya uji, mkono wa pili furushi la khanga na shuka, yaani alikuwa amejiandaa kulala na mgonjwa wodini. Baadaye ndipo tulipojua kwamba alikuwa amezunguka hospitali mlango kwa mlango, hakumkuta, akahisi labda mgonjwa ameshindwa kufika, akaja stendi kutafuta gari la kuja Misima, na kwenye dirisha akaona gauni analolijua. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa ametoka kulia.

Sasa mimi nifanye nini? Kumsalimia siwezi, mdomo umejaa. Kumeza siwezi, ananitazama. Kutema ndiyo balaa kabisa. Nikainuka kukimbia, kiwiko kikaangusha ile chupa ya soda, mshumaa ukalalia kitambaa cha meza, Mwanaidi akamwaga jagi la maji, nusu kwenye moto na nusu kwenye suruali yangu, watu wakageuka, na mimi nikaingia kwenye mlango wa kwanza niliouona. Jikoni.

Na wakati uleule, ndugu zangu, honi. Basi la kwenda Arusha likaingia, nyuma yake lingine, na nikasikia konda anapaza sauti, "Dakika kumi na tano! Kula, chimba dawa, dakika kumi na tano!" Ndipo nikaelewa ile hoteli inampikia nani. Abiria wakamiminika, wale wa choo, wale wa kuku, wale wa wali maharage, wale wa chipsi, wote wanataka sasa hivi.

Mama mwenye hoteli akanikuta nimejibanza nyuma ya magunia ya viazi namalizia kumeza.

"Wewe umenichomea kitambaa."

"Nisamehe, mama."

"Jikoni kwangu saa hizi mtu anafanya kazi au anatoka. Chagua."

Nikachungulia nje. Mkwe wangu amesimama kati yangu na mlango wa kutokea. Nikasema, "Nafanya kazi." Akanirushia aproni, na kwa lile shati jeupe na suruali nyeusi hakuna abiria hata mmoja aliyekuwa na shaka. "We kaka, chumvi!" "Kaka, maji huku!" "Kaka, hii soda si ya baridi!" Niliponyoosha mguu kupumzika nikaitwa, nilipogeuka nikaitwa. Abiria mmoja aliniuliza suruali imefanya nini, nikamwambia supu.

Katikati ya hekaheka hiyo nikawa nachungulia kwenye dirisha la kutolea sahani, na kwa kuwa meza yetu ilikuwa palepale, niliwasikia.

"Kwa hiyo huumwi?" mkwe wangu aliuliza.

"Siumwi, mama. Nisamehe."

"Mimi nimekulilia tangu Kwamndolwa. Nimekulilia kwenye pikipiki, watu wananitazama."

Mwanaidi akapiga magoti, akamshika miguu. Mama akampiga begani mara moja kwa khanga, halafu akamkumbatia, wakakaa hivyo. Mimi huku na sahani nne mikononi nikatamani ardhi ipasuke. Uongo wangu niliuona mdogo barabarani kule Misima, kumbe mtu mzima ametembea nao wodi zote akiutafuta mwili wa mwanawe.

"Sasa kwa nini aseme tumbo?"

"Aliona haya, mama. Alitaka nile nikiwa nimekaa. Chakula cha moto. Basi."

Abiria wanapita, konda anahesabu dakika. Mkwe wangu akautazama ule mshumaa uliolala kwenye maji. Kisha nikamwona anaweka furushi lake chini ya meza, anavuta kiti changu, anakaa.

"Hata mimi," alisema polepole, "marehemu baba yako alikuwa mtu mwema sana. Lakini sikumbuki." Hakumaliza. Akasogeza sahani yangu pembeni kwa ncha ya kidole (hawezi kula nilipokula mimi), akamwambia binti yake, "Kula, kisipoe. Na mimi niletewe."

Wahudumu wote walikuwa wamezidiwa. Mama mwenye hoteli akapakua kuku na wali, akanibandika sahani mikononi. "Meza ya mshumaa!"

Nikatoka. Sijawahi kutembea umbali mrefu kama ule, na zilikuwa hatua nne. Nikainamisha uso mpaka kidevu kikagusa aproni, nikaweka sahani, nikapiga goti. "Shikamoo, mama. Nimekosa."

Mkwe wangu akautazama ukuta. "Marahaba," akauambia ukuta. Halafu akamgeukia Mwanaidi, akasema kwa sauti ya meza nzima na meza za jirani kusikia, "Mwambie huyo aliyeleta chakula, uji huu niliupikia mgonjwa. Wewe huumwi, mimi siumwi. Aende nao jikoni aunywe, maana mgonjwa ni yeye."

Meza ya jirani ikaangua kicheko. Mwanaidi alicheka mpaka akakohoa. Nikachukua chupa ya uji, nikarudi jikoni.

Na huko ndiko nilikokula mlo wangu wa kimahaba. Nimesimama, mgongo kwenye magunia, kikombe cha plastiki mkononi. Nilipopiga funda la kwanza, "Kaka, pilipili!" Nikaweka chini, nikapeleka. Funda la pili, "Kaka, kijiko!" La tatu sikulifikisha mdomoni. Nilipopata nafasi ya kurudi uji ulikuwa umeganda utando juu. Nikaunywa hivyohivyo, na kupitia dirisha lile nikawa namwangalia mke wangu. Alikuwa amekaa kitako chote sasa, ameegemea, amekunja miguu chini ya kiti. Alikula wali mpaka punje ya mwisho. Alimung'unya mfupa. Alilamba vidole kimoja kimoja, bila haraka, anamsikiliza mama yake, na hakuna aliyemwita. Mabasi yakaondoka, hoteli ikawa kimya, milima ikabaki pale dirishani, na wao bado wamekaa wanazungumza.

Nililia kidogo. Nikasingizia vitunguu, mama mwenye hoteli akasema leo hajakata vitunguu.

Tuliporudi Misima jioni tulikuta uwanja wetu umejaa watu. Mzee Sefu amekaa kwenye mkeka, wanawake wamechota maji mapipa mawili, kuna kuku amefungwa miguu wa kumpikia mgonjwa supu. Ilinibidi nisimame mbele yao niseme, sentensi baada ya sentensi, kila kitu, mpaka mshumaa. Walinisamehe kwa kunipa jina, mpaka leo watoto wakileta baiskeli kujazwa upepo wanasema "tunaipeleka kwa Mgonjwa". Mzee Sefu yeye hakucheka sana, aliniuliza pembeni hoteli yenyewe ipo upande gani wa stendi.

Basi nimeapa, na ninyi ni mashahidi. Sitamnenea mtu mzima ugonjwa, hata mafua. Sitapita mji wa mkwe wangu kimyakimya kama mwizi. Na mshumaa sitauwasha tena mpaka umeme ukatike. Rehema nilimsimulia mwenyewe kwa simu, alicheka mpaka akakata, akapiga tena. Kuhusu kuolewa hakusema kitu, nami sikuuliza. Ila aliuliza, "Sasa baba, siku hizi nyumbani mama anakula wapi?"

Anakula mkekani, pamoja nami. Haikuwa rahisi, wiki za mwanzo alikuwa akiinuka nusu halafu anakumbuka. Juzi usiku tulikuwa na ugali na mlenda, nimemega tonge la kwanza, lina joto zuri, naye akaonja mboga, akanitazama, hakuinuka.

"Baba Rehema," akasema, "chumvi."

Nikaenda. Chumvi haikuwa mahali nilipodhani ipo, nikatafuta kabati lote na tochi ya simu, nikaikuta kwenye kopo la majani ya chai. Niliporudi yeye alikuwa amefika katikati ya sahani na ugali wangu umepoa. Nikakaa, nikaula.